Ndege Isiyo na Mwenyewe

Pikipiki ya bodaboda ikimgonga mbuzi wa mtu kijijini, kabla jua halijatua mwenye mbuzi amekwisha kumjua mwenye pikipiki. Namba iko nyuma, jina liko katika kadi, na mashahidi wako barabarani. Lakini ndege yenye thamani ya mamilioni ya dola yaweza kutua katika kiwanja cha vumbi, ikashusha watu na mizigo, ikaruka tena, na pasiwepo hata mtu mmoja awezaye kusema kwa yakini kuwa ilikuwa mali ya nani. Akiuliza, ataonyeshwa herufi zilizoandikwa mkiani. Akisisitiza, ataonyeshwa cheti. Na katika cheti atakuta jina la kampuni ambayo anwani yake ni sanduku la posta, katika mji ambao ndege hiyo haijapata kuuona.

Makala haya yanadai kwamba hali hiyo si kasoro ndogo ya makarani. Ni tundu katika ukuta wa taifa, na tundu hilo limekwisha kupitisha bunduki.

Tuanze na sheria, maana wapo wanaodhani kwamba angani hakuna sheria. Ipo. Mkataba wa Chicago ulitiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Mwingereza na haikuulizwa neno. Mkataba huo, katika ibara ya 17, unasema kwamba ndege ina uraia wa nchi ilikoandikishwa. Ibara ya 18 inakataza ndege moja kuandikishwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Ibara ya 21 inailazimisha kila nchi kutoa, ikiombwa na nchi nyingine, habari za uandikishaji na umilikaji wa ndege yoyote iliyomo katika daftari lake. Kwa hiyo zile herufi za mkiani, 5H zetu, 5Y za Kenya, 5X za Uganda, si pambo. Ni kiapo cha dola kwamba chombo hiki nakijua, na kikitenda ubaya, njooni kwangu.

Tundu limo katika ibara ya 19, ambayo inasema kwamba uandikishaji utafuata sheria za kila nchi. Nchi ikitaka kumhoji mwenye ndege mpaka ajulikane ukoo wake, yaweza. Nchi ikitaka kuuza herufi zake kama karanga, haina wa kuizuia mpaka damu imwagike.

Na damu ilimwagika. Liberia, ambayo ilikuwa miongoni mwa nchi chache za Afrika zilizohudhuria mkutano wa Chicago, ndiyo iliyotoa mfano mbaya kupita yote. Mwaka 2000 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza vita vya Sierra Leone walikuta kwamba daftari la ndege za Liberia lilikuwa likiendeshwa kutoka Kent, Uingereza. Ndege zilizobeba herufi EL zilikuwa zikiruka Afrika nzima hali wakuu wa usafiri wa anga mjini Monrovia hawazijui. Swaziland, ndiyo Eswatini ya leo, ilipoamka mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuzifuta ndege nyingi katika daftari lake, hazikufa. Zilibadilishwa rangi ya mkia, zikahamia katika madaftari ya Guinea ya Ikweta na Jamhuri ya Afrika ya Kati, zikaendelea na kazi ile ile. Mfanyabiashara wa Kirusi, Viktor Bout, ambaye kampuni zake zilitajwa mara kwa mara katika taarifa hizo, aliijua hila hiyo kuliko mtu yeyote. Alikamatwa Bangkok mwaka 2008, akahukumiwa New York kifungo cha miaka 25 mwaka 2012, kisha mwaka 2022 Marekani ikambadilisha na mfungwa wake aliyekuwa Urusi. Mtu mmoja alifungwa. Mlango aliopitia haukufungwa naye.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya Afrika Magharibi tu. Mwezi Novemba 2000 ndege aina ya Ilyushin 76 ilitua Entebbe, katika ziwa letu hili hili. Uganda ilikuwa imenunua bunduki kutoka Slovakia, ikaona hazilingani na ilivyoagiza, ikakubali dalali azirudishe zilikotoka. Makasha yakapakiwa. Ndege haikwenda Slovakia. Ilikwenda Monrovia, kwa serikali iliyokuwa chini ya vikwazo vya silaha tangu mwaka 1992. Herufi zake zilikuwa TL, za Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kampuni iliyozitumia ilikuwa imejiandikisha huko kwa udanganyifu. Iliporudi kuchukua shehena ya pili, wakuu wa Uganda walikuwa wamekwisha kushtuka na wakaizuia. Mzigo wa kwanza, bunduki zipatazo elfu moja, ulikuwa umekwisha kwenda zake. Nani wa kumlaumu karani wa Entebbe? Mbele yake palikuwa na ndege yenye herufi za nchi huru na karatasi zenye mihuri. Alidanganywa na mkia.

Ndipo Baraza la Usalama, katika azimio namba 1343 la Machi 2001, likaitaka Liberia izuie kuruka ndege zote zilizoandikishwa kwake mpaka isafishe daftari lake. Dola zima lilinyang'anywa imani kwa sababu ya kitabu cha majina. Na miaka minne baadaye, katika azimio namba 1596 la Aprili 2005 lililohusu Kongo, Baraza hilo hilo lilizitaka serikali za eneo letu zihakikishe kwamba ndege zinafuata Mkataba wa Chicago, na hasa kwamba karatasi zilizomo ndani ya ndege na leseni za marubani ni halali. Wakati huo ndege zilikuwa zikitua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Walikale ili kuchukua madini ya bati. Ambaye bado anaamini kwamba kulinda viwanja vikubwa kunatosha, na aikumbuke barabara hiyo.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maradhi ya nchi maskini zenye vita, na kwamba wakubwa wa dunia wana utaratibu wao. Utaratibu upi? Marekani, yenye daftari kubwa kupita yote duniani, kwa miaka mingi ilimwandikishia mtu ndege kwa ada ya dola 5 na cheti kisicho na mwisho. Mwaka 2010 mamlaka yake ya usafiri wa anga ilikiri kwamba kiasi cha theluthi moja ya kumbukumbu za ndege zipatazo 357,000 hazikuwa sahihi. Ikaamuru kila cheti kihuishwe baada ya miaka 3. Mwaka 2023 muda huo ukarefushwa kuwa miaka 7! Sheria yao inamkataza mgeni kuandikisha ndege kwao, lakini inamruhusu kuikabidhi ndege kwa mdhamini Mmarekani, naye mdhamini ndiye anayeandikwa kuwa mwenyewe. Katika mji mdogo wa Onalaska, jimbo la Texas, ambao hauna hata kiwanja cha ndege, waandishi wa habari walikuta mwaka 2019 kwamba ndege zaidi ya 1,000 zimeandikishwa kwa masanduku mawili ya posta. Mwezi Aprili 2014 ndege yenye bendera ya Marekani mkiani ilionekana imetulia Tehran, katika nchi ambayo Marekani yenyewe ilikuwa imeiwekea vikwazo vikali. Daftari lilimtaja mwenye ndege kuwa ni benki ya jimbo la Utah, mdhamini tu. Baadaye ikajulikana kwamba abiria wake walikuwa wametoka Ghana.

Hao ndio wanaotufundisha utawala bora.

Wala Ulaya haina la kujivunia. Matajiri wake huandikisha ndege zao katika visiwa vya Cayman, Bermuda, Aruba na Isle of Man, kama walivyozoea kuficha fedha. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, ilidhihirika kwamba mamia ya ndege za mashirika ya Urusi zilikuwa na uraia wa Bermuda na Ireland. Bermuda ilizisimamishia vyeti vya ubora tarehe 12 Machi. Siku mbili baadaye Urusi ikatunga sheria ya kuziandikisha upya kwake, na ibara ya 18 ikakanyagwa mchana kweupe.

Sasa turudi nyumbani. Wakazi wa Mwanza wanazikumbuka Ilyushin zilizokuwa zikija kuchukua minofu ya sangara. Tarehe 23 Machi 2005 moja ilianguka ziwani mara tu baada ya kuruka, watu wote 8 waliokuwamo wakafa. Ndege ilikuwa na uraia wa Moldova, nchi isiyo na samaki wa kununua Mwanza wala askari wa kuja kuulizwa. Mwaka uliotangulia ilikuwa imetoka filamu ya mgeni mmoja juu ya ndege hizo, ikadokeza kwamba hazikuwa zikija tupu, na nchi nzima ikagombana juu ya heshima yake. Mwandishi huyu hakupendezwa na filamu ile. Lakini nchi inayoweza kufungua kitabu na kusema, ndege ile ni ya fulani, ilitoka mahali fulani na shehena fulani, haihitaji kugombana na mtengeneza filamu.

Najua jibu litakalotolewa na wenye hoteli za mbugani na wapenzi wa wawekezaji: mkiuliza sana, mgeni mwenye ndege yake atakwenda kwingine. Hoja hii ni ya kale na inarudi kila mara ikiwa imevaa suti mpya. Mgeni huyo huyo akipanga chumba katika hoteli anaandika jina lake na namba ya pasi. Akikodi gari anaacha leseni. Akataaje kutaja jina lake pale anapoingiza katika anga ya taifa chombo kiwezacho kubeba tani nyingi za kitu chochote? Mtalii wa kweli hana sababu ya kukimbia swali hilo. Anayelikimbia ametusaidia.

Haja si kubuni sheria mpya za ajabu. Ibara ya 16 inatupa haki ya kuikagua ndege ya nchi nyingine inapotua na inapoondoka. Itumike katika kiwanja cha nyasi kama inavyotumika Dar es Salaam. Kila kibali cha ndege ya binafsi kitaje mtu wa nyama na damu anayeimiliki, si mdhamini wala kampuni hewa. Nchi ambayo tutaiuliza chini ya ibara ya 21 na isijibu, ndege za daftari lake zisipewe kibali mpaka ijibu. Nasi tuwe wa kwanza kulisafisha daftari letu la 5H, ndege zilizokufa zifutwe na zilizouzwa zifuatwe, ili tusije kuwahubiria wengine hali nyumba yetu haijafagiliwa.

Mambo haya nchi moja haiwezi kuyafanya peke yake, kwa kuwa ndege iliyokataliwa Mwanza dakika chache baadaye iko Kisumu au Bukoba au ng'ambo ya mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki inao wakala wake wa usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007. Wakala huo upewe daftari moja la wamiliki wa kweli ambalo afisa wa kiwanja chochote cha Jumuiya aweza kulisoma usiku au mchana. Makao yake makuu yako Entebbe, katika mji ule ule ambako yale makasha ya bunduki yalipakiwa.