Mzee Akisahau Njia, Gari Lisife na Biashara

Msimu wa karafuu unapoingia Pemba, kila mwenye pikapu huwa na kazi. Magunia hutoka mashambani kwenda vituo vya ununuzi vya ZSTC, na wachumaji wanahitaji usafiri. Lakini je, mwenye gari ni mzee aliyeanza kupotea katika njia ya Chake Chake na Wete, aliyoipita miaka yote?

Maradhi ya kupoteza kumbukumbu, yaani dimenshia, si uzee wa kawaida, wala si uchawi. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, uliyakuta kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Tiba ya kuyaponya haijapatikana.

Familia nyingi hunyamaza, ama kwa heshima ama kwa kuogopa kukosa kipato. Kibiashara, huo ni uamuzi mbovu. Ajali moja huweza kuchukua roho za watu, gari na akiba kwa pamoja. Tena bima ni mkataba wa ukweli: anayeficha maradhi aliyoulizwa anaweza kunyimwa fidia.

Kumnyang'anya mzee ufunguo mbele ya watu nako si dawa. Gari ndilo jina lake sokoni. Kwa maoni yetu, jambo hili lifanywe kama makabidhiano ya biashara, na mapema, angali anaelewa na kukubali. Kwanza aonwe na daktari, kwani si kila usahaulifu ni dimenshia, na neno la daktari humpunguzia mtoto lawama. Kisha aajiriwe dereva kwa hesabu ya siku inayojulikana, iandikwe daftarini, na fedha zifike mkononi mwa mzee. Akipenda, akae kiti cha mbele aende kusalimiana na wateja wake.

Ugonjwa ukizidi atasahau hata makubaliano. Hapo ufunguo uwekwe mbali na gari lilazwe kwa jirani, bila mabishano.

Wenzake sokoni nao wana wajibu. Anayemwona akikosea njia au kugonga ukuta awaambie wanawe, asimcheke. Tena wampitie nyumbani kumchukua, kwani mzee asiye na usafiri hujifungia ndani na hali yake huharibika haraka.

Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, husaidia nauli. Mengine ni juu ya familia: wapige hesabu sasa, kabla ya ajali kuwapigia.