Ulaini Si Ushahidi

Kila aliyewahi kushika waleti ya ngozi mbele ya muuzaji anazijua hoja zake. Nimezisikiliza zote, tena bila kumkatiza. Sasa pimeni nyinyi.

Nguzo ya wauzaji ni hii: ngozi laini ndiyo ngozi bora. Tuwape haki yao, kwani ngozi iliyosindikwa vizuri hukunjika bila ukaidi. Ila ulaini huo hutoka wapi? Ngozi ikishasindikwa kwa kromiamu hutiwa mafuta yanayopenya kati ya nyuzi zake, kisha huzungushwa kwenye pipa hadi ilegee. Mafuta hayaulizi ngozi ilikuwa nzuri au hafifu, hulegeza zote. Ngozi ya kondoo ni laini kuliko ya mbuzi, lakini nyuzi zake hazikushikamana, hivyo huchanika upesi. Ya mbuzi ni nyembamba na nyuzi zake zimebanana. Kwa kigezo cha muuzaji, kondoo angemshinda mbuzi hata kwenye waleti inayotolewa mfukoni mara 20 kwa siku. Nayo ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miwati, mti unaolimwa Njombe, kwa kawaida huanza ikiwa ngumu, ikalainika kadiri inavyoshikwa; kwao imefeli siku ya kwanza. Kichekesho ni kwamba muuzaji huyohuyo akifika kwenye mikanda husifu ugumu! Achague moja.

Kipimo chenye maana ni kuikunja ngozi, uso ukiwa ndani. Mikunjo ikiwa midogomidogo na kutoweka ukiiachia, uso umeshikamana na kilicho chini yake. Ikituna kama mabomba, umeanza kuachana nacho, hata kama mkononi ni hariri.

Hoja ya pili ni muhuri: imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ngozi halisi, basi kesi imekwisha. Muhuri hausemi uongo, unanyamaza tu. Ngozi nene ya ng'ombe hupasuliwa matabaka. La juu lina uso wenye matundu ya manyoya na nyuzi zilizosongamana. La chini halina uso, basi hupakwa plastiki na kugandamizwa alama zinazoiga matundu hayo. Yote mawili ni ngozi, na yote mawili yanaweza kubeba muhuri huo. Tazama ukingo uliokatwa: utando wa plastiki huonekana pale, umekaa juu kama rangi ukutani.

Tatu, kiberiti: halisi haiungui. Huungua, na hunuka kama nywele zilizobabuka. Halafu lile tabaka lenye plastiki, ukilichoma usoni litanuka plastiki ilhali ni ngozi. Kipimo kinachozihukumu ngozi zote mbili kimakosa tukiite nini? Isitoshe, jaribuni kuwasha kiberiti juu ya mkoba ambao hamjaulipia.

Mwisho wanasema ngozi bora haina doa hata moja. Lakini wanatuambia pia kwamba ni ya ng'ombe halisi. Ng'ombe gani huyo, asiyewahi kuumwa na kupe, kuchomwa na miiba wala kupigwa chapa ya moto? Yapo maeneo safi, na fundi huyachagua kwa sehemu ya mbele ya mkoba. Ila mkoba mzima ukilingana kila upande, vitundu vikijirudia kwa mpangilio uleule kama maua ya kanga, huo ni mchoro wa mashine. Mtu anayeuza kwa hoja ya uhalisi anatumia kama ushahidi kitu kinachoukana.