Mashine Iliyongoja Amri



Watu wa rika letu waliokulia Uingereza au Marekani wana kumbukumbu moja ambayo sisi tuliokuwa watoto katika Zaire ya wakati ule hatuna: siku kompyuta ya kwanza ilipoingia nyumbani kwao. Wakiisimulia, nyuso zao hung'aa. Inafaa tuwasikilize, kwa maana masimulizi yao yanatusaidia kujibu swali linalozisumbua parokia zetu leo: mchezo wa kwenye mashine humjenga kijana, au humla?

Mwaka 1981 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa kompyuta iitwayo ZX81. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1 tu, yaani nafasi ya herufi elfu moja hivi, ambazo hazijazi hata ukurasa mmoja wa kitabu. Mwaka uliofuata ikaja ZX Spectrum, yenye vitufe vya mpira na kilobaiti 16 au 48, na huko Marekani ikatokea Commodore 64. Mashine hizo ziliunganishwa na televisheni ya familia, na michezo mingi ilihifadhiwa katika kaseti kama zile za muziki. Aliyetaka kucheza kwenye Spectrum aliweka kaseti, kisha akasikiliza milio ya kukwaruza kwa dakika tano hivi. Kaseti ikikwama, alianza upya.

Tena, mtoto alipoiwasha mashine yake, hakuukuta mchezo wowote. Alikuta kioo kilicho karibu kitupu, kikingoja amri. Amri hiyo iliandikwa katika lugha iitwayo BASIC. John Kemeny na Thomas Kurtz, walimu wa chuo cha Dartmouth huko Marekani, waliitunga mwaka 1964 ili hata wanafunzi wasiosomea sayansi waweze kuiamuru kompyuta. Magazeti yalichapa programu nzima, na watoto wakazinakili kwa vidole vyao, saa baada ya saa. Alama moja ikikosewa, mchezo haukwenda. Hapo mtoto alirudi mwanzo, akasoma mstari kwa mstari mpaka alipoliona kosa lake. Sisi tuliosomea ualimu tunajua thamani ya tendo hilo. Mashine haikumbembeleza wala haikumkaripia. Ilimwachia kazi ya kutafuta kosa, na kosa lilikuwa la kurekebishika.

Katika shule hiyo isiyo na mwalimu walitokea watunzi. Matthew Smith alikuwa na umri wa miaka 17 alipoutunga mchezo wa Manic Miner mwaka 1983. David Braben na Ian Bell walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge walipoutoa mchezo wa Elite mwaka 1984. Walikuwa wa umri wenu, na walianza kama wachezaji.

Tusiipambe mno enzi hiyo. Watoto wengi walicheza tu bila kuandika mstari hata mmoja, na ndugu waligombania televisheni iliyokuwa moja nyumbani. Zaidi ya hayo, mashine hizo zilitangazwa hasa kwa wavulana, na wasichana wakabaki pembeni. Huko Marekani, mwaka 1984, wanawake walikuwa asilimia 37 hivi ya waliohitimu shahada ya kwanza ya kompyuta. Baadaye sehemu yao ilishuka kwa muda mrefu. Mhubiri katika Maandiko hatutaki tulilie siku za kale, naye ana haki. Tunachokitafuta ni kile kimoja kilichokuwa chema ndani yake.

Kitu hicho chema sisi nasi tulikionja, ingawa kompyuta hatukuwa nayo. Tulitengeneza magari ya waya, tukayakatia magurudumu kutoka viatu vya mpira vilivyochakaa. Gari lisipopinda kona vizuri, tulilifungua na kulifunga upya. Mtoto wa London na mtoto wa Bukavu walitofautiana kwa mengi, lakini wote wawili walikuwa juu ya chombo chao: wao waliamua, nacho kikatii.

Sasa itazameni simu iliyo mkononi mwenu. Uwezo wake unazipita mashine zile kupita kiasi, lakini tabia yake imegeuka. Mashine ya zamani ilingoja, simu inaita. Hulia, humetameta, huahidi zawadi kwa yule atakayerudi kesho. Michezo mingi hutolewa bure, kwa kuwa walioitunga hupata fedha kutokana na matangazo na vitu vinavyouzwa ndani ya mchezo wenyewe. Kadiri tunavyokaa, ndivyo wanavyopata. Wengine kati yetu wamekwisha kuvuka kutoka mchezo hadi kamari, wakiweka fedha ya chakula au ya minervali juu ya matokeo ya mechi. Mungu alimweka mwanadamu atawale viumbe kwa busara. Ni aibu atawaliwe na kitu kinachoenea mfukoni.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi Wakongomani zaidi ya wengine. Tantali itumikayo ndani ya simu na mashine za michezo hupatikana katika koltani, na koltani huchimbwa katika milima yetu, kwa jasho la ndugu zetu na mara nyingi kwa damu yao. Je, sehemu yetu iwe kuchimba tu, kisha kununua mega ili tucheze yaliyotungwa na wengine?

Hatusemi mchezo ni dhambi. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyezaliwa London mwaka 1991 na kufariki dunia mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alipenda michezo ya video, lakini alijiwekea mpaka wa saa moja kwa juma. Alijifunza kuandika programu angali mdogo, akautumia ujuzi huo kutengeneza maonyesho ya miujiza ya Ekaristia. Papa Leo wa 14 alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Hakuikimbia mashine, aliiamuru.

Basi tunawapendekezea mambo matatu, myajadili katika vikundi vyenu. La kwanza: kabla ya kuwasha simu, kila mmoja aseme moyoni anakwenda kufanya nini na ataacha saa ngapi. La pili: parokia yenye kompyuta hata moja isiiache iwe ya kuandikia barua tu, vijana watatu au wanne wakutane mbele yake kila juma wajifunze kuandika programu, na wasichana wapewe nafasi sawa ya kushika vitufe. Pasipo kompyuta, wazo la programu huweza kuanza kwa kalamu na daftari. La tatu: aliyejua amfundishe mwingine katika shirika lake, kwa kuwa talanta iliyofukiwa haimfurahishi Bwana.

Wenzetu wa Cambridge waliona hasara iliyoingia. Eben Upton na wenzake walitambua kwamba vijana waliokuja kusomea kompyuta walijua kuiamuru kidogo kuliko waliowatangulia. Mwaka 2012 wakatoa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya dola 35 hivi, ili watoto waanze tena kutunga. Kama wao, wenye vyote, waliona haja ya kurudi kujifunza, sisi tunangoja nini?