Landlodi, Paka Korido Kwanza

Wasee, tuongee kuhusu hizi keja zetu za giza.

Kuna ushauri unazunguka TikTok na Pinterest: chumba kina giza? Paka nyeupe. Ama kijivu, ndiyo ikae ya kisasa. Mimi nakataa. Rangi haitengenezi mwanga, inarudisha tu ule ulioingia. Kama dirishani hakuingii kitu, nyeupe yako itarudisha nini? Itakaa kama maji ya kuoshea brashi. Na hiyo kijivu itakaa plasta ambayo fundi alisahau kumalizia.

Tembea Makutano hapa Meru, ama ploti za karibu na chuo kule Nchiru. Shuka Embu, pita Dallas na Majimbo. Utakutana na ramani ile ile: vyumba vimeangaliana, katikati korido nyembamba. Dirisha lako halioni anga, linaona ukuta. Na huo ukuta umepakwa maruni ya mafuta, eti isionyeshe uchafu.

Sasa piga hesabu. Nyeupe safi inarudisha kama asilimia 80 ya mwanga. Maruni iliyokolea hairudishi hata 10. Mwanga wa korido lazima ugonge kuta ndiyo ufike kwako. Ukigonga nyeupe mara mbili, kwa kila 100 unabaki na 64. Ukigonga maruni mara mbili, unabaki na 1. Moja! Halafu unaambiwa shida ni rangi ya chumba chako.

Kwa hivyo ukuta wa kwanza kupakwa ni ule unaotazamana na dirisha lako, na huo ni wa landlodi.

Najua watajibu nini: nyeupe inachafuka, watoto wanaigusagusa. Sawa, bakisha maruni yako mpaka kimo cha mtoto. Kutoka hapo mpaka juu iwe nyeupe. Mwanga unatoka juu, hautambai sakafuni. Na ukikusanya kodi ya vyumba ishirini kila mwezi, ndoo mbili za rangi ya maji ni nini?

Anayelipia hilo giza ni sisi. Tunachoma tokeni saa nane mchana. Kuanzia Juni mpaka Agosti, manyunyu yakianza, ukuta wa nyuma ya kitanda unaota madoa meusi. Ukihama, dipoziti inakatwa "ya rangi", ukungu unapakwa juu bila hata kusuguliwa, na mpangaji mpya anaonyeshwa keja "imefanyiwa ukarabati". Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Sidhani walimaanisha pango lenye soketi.

Na tuache kukopa ushauri wa Uingereza, eti chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua. Huko ni kwao. Meru na Embu ziko karibu kabisa na ikweta. Kutoka mwisho wa Machi mpaka Septemba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Kwa hivyo miezi yetu ya baridi, dirisha la kaskazini ndilo la kutafuta, mradi halijazibwa na ghorofa.

Ndani ya chumba, fanya unachoweza: dari nyeupe, kingo za dirisha nyeupe, kuta krimu ama njano hafifu, ndiyo mwanga kidogo ulioko usikae baridi. Kabati lisisimame karibu na dirisha. Lakini usidanganywe kwamba hiyo inatosha.

Kabla ulipe dipoziti, enda kuona keja mchana. Zima taa. Jaribu kusoma meseji iliyoandikwa kwa karatasi, si kwa simu. Ukishindwa, muulize msimamizi wa ploti swali moja tu: korido mnapaka lini?

Tukiuliza wote, watapaka.