Siri za Watu ni Amana, si Bidhaa

Mpwa wangu ana afisi ndogo hapa Mombasa, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Yeye na wenzake wawili hutengeneza programu za kompyuta za kuwekea habari za wanafunzi na wagonjwa. Mwezi uliopita alinijia uso umemsawijika. Mfanyabiashara mmoja alimtaka ampe nambari za simu za wazazi wa shule mbili, apate kuwatangazia bidhaa zake. Fedha alizotaja zingalilipa kodi ya chumba kile kwa miezi mitatu.

"Mjomba, nimekataa," aliniambia. "Lakini mwenye shule moja amekasirika, kwani alikwisha kumwahidi. Kazi ile naona itanitoka."

Nilimwambia amefanya vyema. Hata hivyo pongezi hazilipi kodi, na jambo lenyewe lafaa tulitazame kwa makini.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data, na mwaka uliofuata Bi Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa kwanza. Tangu Julai 2022, wanaoshughulika na habari za watu hutakiwa kujiandikisha kwake. Mwenye wafanyakazi wasiofika kumi na mapato ya mwaka yasiyofika shilingi milioni 5 amesamehewa kujiandikisha. Lakini msamaha huo haumhusu anayeshughulika na habari za matibabu wala za uendeshaji wa shule, na hizo ndizo kazi wazipatazo vijana kama mpwa wangu. Tena, aliyesamehewa kujiandikisha hakusamehewa kuitii sheria.

Wengi hudhani uzito uko katika ada. Kampuni ndogo hulipa shilingi 4,000, na cheti hudumu miaka miwili. Uzito hasa uko katika kuacha mazoea. Zamani vijana hawa walikusanya kila kitu: kabila la mzazi, dini yake, mahali anapofanya kazi, eti huenda vikafaa siku moja. Sasa kila swali lazima liwe na sababu. Wamefuta mengi, wakampa kila karani neno lake la siri, na kompyuta huandika nani alifungua faili ya nani. Wameandikiana mikataba na wenye shule na zahanati. Habari zikivuja, wao wana saa 48 za kumwarifu mwenye kazi, naye ana saa 72 za kumwarifu Kamishna ikiwa yapo madhara ya kuogopewa. Yote haya hufanywa usiku, baada ya kazi ziletazo mkate.

Nao hawajitaabishi bure. Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini ya namna hiyo ikikiangukia chumba cha vijana watatu, mlango hufungwa.

Lakini kuna jambo ambalo cheti hakilitatui. Sheria yataka idhini itolewe kwa hiari, na mtoaji awe anajua anachokikubali. Fomu nyingi nizionazo zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mama aliyempakata mtoto mwenye homa huonyeshwa mahali pa kutia sahihi, naye hutia. Je, hiyo ni idhini? Mtu akibisha hodi kwa lugha usiyoielewa, kisha akaingia, huwezi kusema umemkaribisha.

Mpwa wangu na wenzake waliiandika upya fomu ya zahanati kwa Kiswahili, mistari sita tu: tunaandika nini, kwa nini, nani ataona, tutaweka kwa muda gani, na unaweza kukataa lipi. Tangu hapo, asema, watu wameanza kuuliza maswali. Hapo ndipo naona mdogo anaweza kumshinda mkubwa, kwa sababu anawajua watu wake na anajua wazungumzavyo.

Sisi watu wa pwani hatukungoja sheria ya 2019 kujua maana ya amana. Aliyewekewa kitu hakiuzi, hata kama mwenyewe hayupo kumwona. Sitara ya mtu ni hishima yake, na nambari ya simu ya mama wa watu, au ugonjwa wake, ni katika sitara hiyo. Kijana anayeilinda asiachwe kubeba hasara peke yake. Basi wewe mzazi, ukipeleka mtoto shuleni, uliza habari zako zinawekwa na nani na zinapewa nani. Mwenye shule akijua kwamba utauliza, hatamfukuza kijana aliyekataa kuziuza.