Freni za skuta katika milima yetu

Juma hili tunaacha sufuria na madaftari ya watoto, tunaongea juu ya freni.

Katika vikundi vyetu vya Bukavu skuta zimeanza kuonekana, na tunajua sababu: haina vitesi vya kubadilisha kwa mguu, na mama mwenye kuvaa kikwembe anaipanda bila shida. Lakini raha hiyo ina bei yake. Moto yenye vitesi, ukiiweka kwenye vitesi vidogo, injini yenyewe inaizuia wakati wa kushuka. Injini ya skuta inazuia kidogo tu, na mwendo ukipungua sana inaachia gurudumu kabisa. Basi kutoka Kadutu kushuka Nyawera, uzito wote wa mama, mtoto na kiloba cha unga unabebwa na freni. Ndiyo maana plaketi za skuta zinaisha mbio.

Plaketi ni vipande viwili vya chuma vilivyobandikwa kitu kigumu kinachobana diski ya gurudumu la mbele. Kila wanapobana, kile kitu kinalika kidogo. Washeni taa ya simu, mchungulie, mpime na rula ya mtoto. Unene ukibaki milimita 2, nunueni mpya. Ukifika 1, mtoto asipande tena. Na mkisikia mlio wa chuma juu ya chuma, diski yenyewe imeanza kuliwa, nayo inagharimu pesa nyingi kupita plaketi. Dukani mwende na plaketi ya zamani mkononi, mlinganishe umbo lake na mpya. Isiyolingana kabisa, iacheni hapo hapo.

Kazi yenyewe inaweza kumalizika kwa saa moja. Tunasimamisha skuta mahali tambarare, injini ikiwa imepoa, watoto wakiwa mbali. Tunahitaji funguo (mara nyingi namba 12 au 14, na ile ya pembe sita), mswaki mzee, maji ya sabuni na kamba. Etriye, yaani lile koleo linalobana diski, imeshikwa na bulo mbili. Kabla ya kuzigusa, tunalegeza kwanza kile kijiti kinachoshika plaketi, kwa sababu etriye ikishatoka inachezacheza na kijiti kinakuwa kigumu kulegea. Kiisha tunatoa bulo mbili, tunafunga etriye kwa kamba ili isining'inie kwa mpira wake. Tunapiga picha kwa simu tuone kila kipande kinavyokaa, halafu tunachomoa plaketi.

Ule unga mweusi tusiupulize kwa mdomo. Si mzuri kwa mapafu. Kitambaa chenye maji kinatosha. Tunasugua pistoni kwa mswaki na sabuni, tunafungua kifuniko cha mafuta ya freni pale juu kwenye usukani, ndipo tunasukuma pistoni polepole kwa vidole gumba mpaka irudi ndani. Mafuta yakipanda na kumwagika, tuyapanguse mara moja na kumwaga maji hapo, maana yanakula rangi. Wakati etriye iko nje, mtu asifinye mkono wa freni hata kidogo: pistoni itaruka nje, na hapo kweli mtamtafuta fundi.

Plaketi mpya zinaingia, upande wenye kubana ukitazama diski. Tunarudisha kijiti, etriye na bulo, tunakaza vizuri, tunafunga kifuniko.

Sasa hapa tunawaomba msikimbilie. Ukifinya mkono wa freni mara ya kwanza, utashuka mpaka kwenye usukani kama hakuna kitu, kwa sababu pistoni bado iko mbali. Finyeni, achilieni, finyeni tena, mpaka uwe mgumu. Mwenye kusahau hilo anafika kwenye kona ya kwanza bila freni. Kwa hiyo tunapendekeza sheria hii katika kila kikundi: injini haiwashwi mpaka mama wa pili ameshika mkono wa freni mwenyewe na kusema umekuwa mgumu. Ukibaki laini, au mafuta yakivuja, skuta isukumwe kwa fundi. Mpira wa mafuta tusiufungue nyumbani.

Kuna watu watawashauri kuweka oili kidogo ili freni isilie. Hapana, hata tone. Plaketi iliyoguswa na oili inatupwa. Na mafuta ya injini hayaingii kamwe katika kile kikopo cha mafuta ya freni, yanaharibu mipira ya ndani. Somo hili wababa pia walisome, maana ushauri huo mara nyingi unatoka kwao.

Siku za kwanza tembeleeni barabara tambarare, bila mtoto nyuma, mkishika freni polepole. Plaketi mpya hazishiki sawasawa mpaka zimezoeana na diski. Na mkirudi mlimani, msishike freni kidogo kidogo njia yote. Inapata moto na kuchoka. Punguzeni mwendo kwa nguvu ya kutosha, achilieni, mrudie.

Freni ya nyuma katika skuta nyingi ni ya aina nyingine, imefichwa ndani ya gurudumu. Hiyo tutaiongelea juma lijalo. Mama mwenye skuta aje na funguo zake.