Nyekundu Hafifu kwa Safari ya Wampembe

Dereva wa bodaboda anayeshuka usiku kutoka uwanda wa Ufipa kwenda Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, anahitaji macho yake yote. Rangi ya taa ya dashibodi, basi, si urembo tu.

Bluu hupendeza kijiweni. Lakini seli za jicho zinazoona gizani huguswa sana na bluu na kwa shida sana na nyekundu. Ndiyo maana nyambizi zilitumia taa nyekundu usiku. Nyekundu hafifu ndiyo ichaguliwe.

Kazi ni ndogo: balbu ya volti 12 inatolewa, ya LED inawekwa. Isipowaka igeuzwe, maana LED ina chanya na hasi. Taa za ishara, yaani kijani cha nyutro na bluu ya fulu, zisiguswe kamwe.